Mama Nusu Dakika

Mimi ni mtunza ukumbi, na sipendi makelele. Cheka tu, nimeshazoea. Ukumbi wenyewe ni wa bendi, kwaya, maigizo na maonyesho ya picha, nami nimeutunza miaka kumi na saba. Mtu asiyependa makelele angekwenda kulinda maktaba, lakini maktaba walishapata mtu wao. Basi tulielewana hivyo, mimi na kazi yangu: wapiga ngoma wakiingia, natoka nje na ufagio, nafagia pale pale nilipokwisha kufagia, mpaka wamalize.

Ndiyo maana yule mama tulipatana naye tangu siku ya kwanza. Katika watu wote waliowahi kuingia ukumbini mwangu, ni yeye peke yake aliyekuja kuomba kimya.

Aliingia na mkoba mkubwa, stendi ya kamera begani, na miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Umri wetu mmoja, umri wa watu ambao hawainuki kitini bila kuguna kwanza. Alikuja kupiga video ya bendi ya vijana wanne waliokuwa wakifanya mazoezi kwetu kila Jumanne. Akawapanga, akawahamisha, akamwambia mpiga gitaa avue kofia maana inamla uso. Akazima feni. Kisha akavaa hedifoni, akainua kiganja.

"Jamani, naomba nusu dakika. Nyamazeni, tuusikie ukumbi. Mwenye kikohozi akimeze."

Vijana wakatazamana kama watu walioambiwa wamsikilize mtu asiyekuwapo. Wakanyamaza. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na funguo zangu kumi na tisa kiunoni, kwenye pete moja. Nikajikuna. Zikalia.

"Na wewe, Bwana Funguo! Funguo zako, baba."

Hakupandisha sauti. Ilikuwa sauti nzito kidogo, imetulia, ya mtu aliyezoea kusema jambo mara moja. Vijana wakacheka, na jina likaniganda mpaka leo, hata mkurugenzi wa ukumbi ananiita hivyo kwenye barua.

Ikabaki friji ya soda iliyoko pembeni, inanguruma. Akaizima. Halafu akatoa ufunguo wa nyumba yake mkobani, akaufungia ndani ya friji, katikati ya chupa. Nikamuuliza kama yuko salama.

"Nikiondoka bila kuiwasha, soda za watu zitapata moto," alisema. "Lakini siwezi kufika mbali bila ufunguo wa nyumbani. Lazima nirudi hapa, na nikirudi nitaiwasha. Lete na zako."

"Za ukumbi? Kwenye friji?"

"Zitapoa tu, baba. Hazitaoza."

Basi tangu siku ile, kila alipokuja kurekodi, funguo zetu zililala pamoja kwenye friji. Jioni nilikuwa nafunga milango kwa funguo za baridi, na sikuwahi kulalamika, mimi ambaye nalalamikia kila kitu.

Huko nyuma alikuwa mpokea simu wa ofisi ya halmashauri, miaka ishirini na sita. Kazi yake, alivyoieleza mwenyewe, ilikuwa kuunganisha watu wawili kisha kujitoa. Mume wake alihamia kwa mwanamke mwingine zamani, akamwachia nyumba na binti. Binti akakua, akaolewa ng'ambo. Mama alipostaafu akachukua sehemu ya kiinua mgongo chake akanunua kamera. Majirani wakasema amechanganyikiwa, wenzake wananunua mashine za kusaga yeye ananunua jicho la kioo.

Lakini alijua anachokitaka. Mji wetu ni mdogo, una taa moja tu ya kuongozea magari, na hiyo inaongoza inapojisikia. Mtu wa mji kama huu akipiga gitaa vizuri, watu husema anajitahidi. Akisifiwa mbali ndipo na sisi tunagundua kwamba alikuwa wetu. Mama huyu alisema hatungoji tena. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa, aliweka mtandaoni video moja ya dakika sita au saba juu ya mtu mmoja, au kikundi kimoja, wa hapa hapa. Kuna mchomeleaji anayetengeneza ndege kwa minyororo ya baiskeli. Kuna mchora mabango anayeandika majina ya maduka bila rula, ulimi umetoka nje. Kuna mwanamke muuza vitambaa anayepiga kodiani nyumbani kwake akishafunga duka. Nimempita huyo mama wa vitambaa miaka kumi nikimjua kwa ubahili tu. Nilipomwona kwenye video, macho amefumba, vidole vinakimbia, niliona haya. Kesho yake nilikwenda kununua kitambaa nisichokihitaji.

Sasa nieleze ile nusu dakika, maana bila hiyo hakuna hadithi.

Kila chumba kina kimya chake. Alinifundisha hivyo, nami nilidhani ni maneno ya wasanii, mpaka akanivalisha hedifoni. Kimya cha ukumbi wangu kina bati linalotanuka juani na barabara kwa mbali. Kimya cha karakana ya mchomeleaji ni kizito, kama kina mafuta. Na kazi ya kimya hicho ni kuziba mashimo. Yeye alikuwa anawauliza watu maswali, lakini hakutaka asikike akiuliza. Akishafika nyumbani, kwenye kompyuta, alikata kila mahali sauti yake iliposikika, na pale palipobaki shimo akapachika kipande cha kimya cha chumba kile kile. Mtazamaji hahisi kitu.

Ndiyo maana alikuwa anawaagiza mapema: "Nikikuuliza ulianza lini, usinijibu 'miaka mitano iliyopita.' Sema 'Nilianza kupiga tarumbeta miaka mitano iliyopita.' Mimi sipo hapa."

"Mbona tunakuona, mama?" mpiga tarumbeta mmoja alimtania.

"Wewe unaniona. Kwao sipo."

Nilimuuliza siku moja kwa nini hataki hata neno lake moja libaki. Akasema nani anataka kuona mkono wa mpishi ndani ya chungu.

Kinyozi hajinyoi, tunasema. Ukumbi ulipotimiza miaka arobaini tulifanya sherehe, na sherehe yenyewe ilikuwa kuonyesha video zake kwenye ukuta mweupe. Watu walipiga makofi mpaka bati likaitikia. Mshereheshaji akawaita jukwaani wasanii wote, mmoja mmoja. Akawashukuru waliopanga viti. Akamshukuru fundi umeme. Akanishukuru mimi, ambaye nilichofanya ni kufungua mlango. Kisha wakapiga picha ya pamoja, na aliyeipiga ni yeye. Nilipanda jukwaani nikamnong'oneza mshereheshaji kwamba amesahau mtu, akapiga paji la uso, akashika maiki amwite. Alikuwa ameshafunga mkoba wake akaondoka. Nilikasirika usiku mzima, na nikikasirika sielewi nimemkasirikia nani.

Mwaka jana sauti yake ilianza kukwaruza. Akasema vumbi. Nikamwambia anywe maji ya moto, kama vile mimi ni daktari. Miezi ikapita, sauti ikawa inakatika katikati ya maneno, naye akazidi kusema vumbi. Mficha maradhi, wamesema wahenga, na mimi niliyekuwa namsaidia kuyaficha sijui wanatuitaje. Alipokwenda hospitali hakuwa na sauti tena, alikuwa na mnong'ono. Walikuta uvimbe kooni. Daktari akamwambia kile kisanduku cha sauti kitatolewa chote, wiki tatu kutoka siku ile, na kwamba akipona ataishi miaka mingi, ila hataongea.

Alinipa habari hiyo ukumbini, amekaa kwenye kiti cha mstari wa nyuma, kwa mnong'ono huo huo. Nikamwambia tumshukuru Mungu uhai upo. Ndivyo watu husema. Akaniitikia kwa kichwa, na nilijiona mpumbavu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwake kutengeneza kitasa. Nyumba yake ni vyumba viwili na sebule, na chumba kimoja ni cha kompyuta, rafu imejaa diski zilizoandikwa tarehe. Kila Jumapili alasiri binti yake alikuwa anapiga simu kutoka huko ng'ambo, na nilijua habari zake maana mama alikuwa ananisimulia kila Jumanne. Mjukuu alikuwa na miaka minne. Walikuwa hawajawahi kuonana. Simu zao zilikuwa za sauti tu, kwa sababu mwanamke huyu aliyepiga picha mji mzima alikuwa ameziba jicho la simu yake kwa kipande cha plasta. Ujumbe wa sauti hakuwahi kutuma hata mmoja. Alisema ameshaongea kwenye waya vya kutosha, akawa anaandika.

Na walikuwa na mchezo wao, bibi na mjukuu. Mama alikuwa hajawahi kuingia nyumba ya binti yake, basi kila simu aliianza kwa kumwambia mtoto: "Nyamaza kwanza, tuisikie nyumba." Mtoto ananyamaza, bibi anasikiliza huko mbali, halafu mtoto anamweleza alichosikia: huyo ni jirani wa juu anaburuta kiti, bibi, hiyo ni mashine ya kufulia.

Tangu abaki na mnong'ono alikuwa hazipokei simu hizo, anaandika tu; siku ile ikaita nikiwa nimepiga magoti mlangoni na bisibisi, akapokea. Akaiweka kwenye spika ili mnong'ono wake usipotee.

"Bibi?"

"Mjukuu wangu. Nyamaza kwanza, tuisikie nyumba."

Palikuwa kimya, lakini si kimya cha mchezo.

"Mama, huyu si bibi," mtoto alisema. "Mpe bibi simu."

"Ni bibi, mwanangu. Koo linamuuma."

"Si bibi! Bibi hasemi hivyo!" Akaanza kulia, kilio cha woga, na binti akasema haraka haraka kwamba atapiga baadaye, mama, pole mama.

Aliweka simu mezani. Akaenda jikoni akaosha vikombe viwili ambavyo vilikuwa safi. Mimi nikaendelea kukaza parafujo iliyokwisha kukazwa. Aliporudi alisimama mbele yangu, akalazimisha maneno yatoke.

"Wiki mbili zijazo hata huu mnong'ono haupo. Nataka anisikie mara moja tu. Mimi mwenyewe, si huyu."

"Una video mia mbili na zaidi, bibie," nilimwambia. "Utakosaje sauti yako humo?"

Alinitazama kwa huruma, kama kwamba mgonjwa ni mimi.

Tulianza kesho yake asubuhi. Video mia mbili na kumi na nne. Tuliwasikia wote, mchomeleaji, wacheza dansi, mama wa kodiani, kila mtu anajibu vizuri maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Yeye hamo. Nikasema tutafute zile picha mbichi, zile kabla ya kukatwa. Akatikisa kichwa. Diski zilikuwa zikijaa, na kila video ilipokwisha kutoka alifuta mbichi zake ili apate nafasi ya mtu wa Ijumaa inayofuata. Miaka tisa, hakujipumzisha.

"Nimejifuta," alinong'ona. "Nimejifuta vizuri kuliko mtu yeyote."

Hapo nikamwona akilia kwa mara ya kwanza. Kulia bila sauti ni jambo gumu kulitazama. Nilikodoa macho kwenye kompyuta ili nisimtazame, na ndipo nikaona folda moja chini kabisa. Imeandikwa KIMYA.

"Hii nayo?"

Alipunga mkono. Hamna kitu humo. Kimya cha vyumba, cha kuzibia mashimo. Hicho hakukifuta kwa sababu huwezi kujua lini utahitaji kimya cha karakana. Anajua kilichomo, amekitumia miaka yote, kila mara akichukua kipande cha katikati.

Mimi si mtaalamu. Mtaalamu angemwamini. Nikabonyeza faili la kwanza kabisa.

Kiatu cha mtu kilikwaruza sakafu. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Kisha: "Jamani, naomba nusu dakika. Nyamazeni, tuusikie ukumbi. Mwenye kikohozi akimeze." Nzito, imetulia, nzima. Ikafuata milio ya chuma. "Na wewe, Bwana Funguo! Funguo zako, baba."

Aliweka kiganja mdomoni. Yakafuata mabishano yetu ya friji, kisha nusu dakika yenyewe, nasi tukanyamaza nayo kana kwamba bado tunarekodiwa. Mwishoni sauti ikasema: "Haya, asanteni. Rudini duniani."

Yalikuwamo mafaili mia mbili na kumi na nne. Kila video na kimya chake, na kila kimya kilikuwa na sauti yake mlangoni. Ndicho alichotuachia mwanamke yule katika miaka tisa ya kazi: anatuomba tunyamaze. Tulisikiliza siku mbili. Mahali pengine anamtania mpiga ngoma, mahali pengine anamwomba radhi mbwa wa jirani. Huku mwishoni sauti inaanza kukwaruza, na faili za mwaka huu hakutaka tuzisikie. Mimi nilikuwa nahesabu jambo langu kimoyomoyo. Aliniita jina mara arobaini na moja.

Faili alilolitaka lilikuwa la nyumbani kwa mama wa kodiani, miaka sita nyuma. Hapo alikuwa na mtu mmoja tu, hakuwa na kundi. "Nyamaza kwanza, tuisikie nyumba." Halafu nusu dakika. Halafu, "Haya, asante."

Jumapili, siku nne kabla ya upasuaji, binti alipiga. Tulikuwa tumeshamwandikia. Mama akasogeza spika ya kompyuta karibu na simu, akabonyeza.

"Nyamaza kwanza, tuisikie nyumba."

Upande wa pili ukatulia. Niliyasikia maji yakipita kwenye bomba la huko, na kitu kizito kinatikisika juu ya sakafu. Mtoto hakupumua. Nilikuwa sijawahi kuona mtu akisikiliza kama mama alivyosikiliza, ameinama mpaka paji la uso linakaribia kugusa meza.

"Haya, asante."

"Bibi!" mtoto alipiga kelele. "Umesikia? Ni mashine ya kufulia! Imeharibika, inatembea yenyewe!"

Mama alifungua kinywa. Akakifunga. Akagonga meza kwa ukucha, mara mbili.

"Mama, bibi amesikia," mtoto alisema. "Amegonga."

Nilikwenda jikoni kutafuta vikombe vya kuosha.

Alilazwa, akapasuliwa, akapona. Alikaa ndani miezi miwili. Jumapili binti anapiga, mtoto anasikilizishwa lile faili, wote wananyamaza, bibi anagonga. Baada ya hapo mtoto anasimulia peke yake mpaka achoke, simu inakatwa, na nyumba ya vyumba viwili inarudi kuwa kimya ambacho hakuna anayekirekodi. Nilikuwa napita kumtazama. Tunakaa. Mimi ndiye ninayeongea, na nimegundua kwamba sina mengi ya kusema. Mke wangu alifariki miaka kumi na miwili iliyopita, na tangu hapo nimekuwa nasema na ufagio. Niliomba aninakilie zile mara arobaini na moja kwenye simu yangu. Aliandika kwenye daftari: Za nini? Nikasema za kumbukumbu ya ukumbi.

Jumanne iliyopita alirudi. Amefunga skafu shingoni, stendi begani. Alikuja kupiga video ya wasichana sita wa kikundi cha dansi. Akawapanga kwa mikono. Akazima feni, akazima friji, akaweka ufunguo wake katikati ya chupa. Mimi nilisimama mahali pangu, mlangoni, na sikuzipeleka funguo zangu. Zilikuwa kiunoni, kumi na tisa.

Akavaa hedifoni, akainua kiganja. Wasichana wakatulia mara moja. Mji mzima unaujua mkono ule.

Nikajikuna kwa makusudi. Zikalia. Nikazitikisa tena, kwa nguvu, mpaka wale mabinti wakanigeukia kwa mshangao. Miaka tisa nimeitwa jina lile mbele za watu nikijifanya naudhika, na sasa nilikuwa nimesimama hapo, mzee mzima, nalingoja.

Aligeuka akanitazama. Alielewa; nililiona hilo. Alikuja taratibu mpaka mlangoni, akaifungua pete kiunoni mwangu kwa mikono yake mwenyewe, akaenda akaziweka kwenye friji kando ya ufunguo wake, akafunga mlango. Kisha akarudi nyuma ya kamera na kuinua kiganja upya.

Nusu dakika ile ilikuwa ndefu. Mimi nisiyependa makelele niliomba mtu akohoe, gari lipige honi, msichana aangushe kiatu, chochote. Hakuna aliyekohoa.